Nyumba ya wazee ya nyota nne na ya nyota tatu: mzazi umpeleke ipi?

Simu ya hospitali huja na haraka zake. Mama amevunjika nyonga, ameshafanyiwa upasuaji, na ofisa ustawi wa jamii anataka jibu kabla ya kesho mchana: orodha ya nyumba za wazee zenye kitanda hii hapa, chagueni. Kwa Waswahili wa Marekani simu hiyo si ngeni tena. Waliokuja kusoma miaka ya themanini sasa wana mvi, wengine wamewaleta wazazi kwa green card, na familia za Kongo zilizoingia kwa njia ya ukimbizi zilikuja na bibi na babu. Wengi wetu tumefanya kazi ndani ya nyumba hizohizo, Minnesota, Massachusetts, Texas, Maryland. Tumegeuza wazee wa watu usiku kucha. Lakini zamu ya mzazi wetu ikifika tunahesabu nyota kama mtu anayetafuta hoteli.

Nyota hizo hutolewa na CMS, idara ya serikali kuu inayosimamia Medicare (bima ya afya ya wazee) na Medicaid (bima ya wenye kipato kidogo), na zimewekwa kwenye ukurasa wa Care Compare ndani ya medicare.gov. Zaidi ya nyumba 14,000 zimo humo. Zilianza kutolewa Desemba 2008, moja hadi tano, na kwa jumla ni heri ziwepo kuliko zisiwepo. Shida ni ile nyota ya jumla, ile kubwa ya juu ambayo watu huitazama wakafunga simu. Imechanganywa kutoka alama tatu ambazo hazilingani kwa ukweli wake: moja imeandikwa na wakaguzi wa jimbo, moja inatoka kwenye malipo ya mishahara, na moja nyumba inajipa yenyewe kwa sehemu kubwa.

Tuweke nyumba mbili pamoja tuone. Nimezitunga mimi, ila namba zake ni za aina utakayoikuta ukifungua Care Compare ya mji wowote mkubwa.

| | Nyumba A | Nyumba B |
|---|---|---|
| Nyota ya jumla | 4 | 3 |
| Ukaguzi | 3 | 3 |
| Wafanyakazi | 2 | 4 |
| Vipimo vya ubora | 5 | 2 |
| Saa za uuguzi kwa mkazi kwa siku | 3.5 | 3.9 |
| Katika hizo, saa za CNA (wasaidizi wa wauguzi) | 2.0 | 2.5 |
| Saa za uuguzi Jumamosi na Jumapili | 2.8 | 3.6 |
| Wauguzi na CNA walioondoka ndani ya mwaka | 62% | 34% |
| Kasoro za ukaguzi wa mwisho | 5 (moja ni ya daraja G) | 9 (zote za daraja D) |
| Mmiliki | kampuni yenye nyumba nyingi | shirika la kanisa |

Mtu mwenye haraka atachukua A. Mimi, kama mzee ni wa kukaa moja kwa moja, nachukua B, na sababu yangu kubwa iko katikati ya jedwali, kwenye saa na wanaoondoka.

Kwanza nyota nne zimepatikanaje? Hesabu huanza na nyota za ukaguzi. Nyumba zote mbili zina 3. Nyumba yenye nyota 5 za wafanyakazi huongezewa moja, yenye nyota 1 hupunguziwa moja. A na B haziguswi hapo. Kisha huja vipimo vya ubora kwa kanuni ileile: 5 huongeza, 1 hupunguza. A ina 5, ikapanda hadi nne. B ina 2, ikabaki tatu. Maana yake tofauti yote ya nyota kati ya nyumba hizi imeletwa na alama ile ambayo nyumba inajipa yenyewe.

Saa za mikono

Tangu 2018 nyota za wafanyakazi zinatokana na rekodi za mishahara ambazo kila nyumba lazima izipeleke CMS kila robo mwaka. Zamani nyumba ilijaza fomu tu kipindi cha ukaguzi, na wiki hiyo, kwa bahati njema, watu wa zamu walikuwa wengi. Kudanganya kwenye mishahara ni kazi zaidi. Ndiyo maana sehemu hii naiamini kuliko nyingine.

Lakini namba ya 3.5 au 3.9 haimwambii mtu kitu mpaka uigeuze kuwa watu. Chukua 24 ugawe kwa saa za CNA. Nyumba A: 24 kwa 2.0 ni 12. Nyumba B: 24 kwa 2.5 ni karibu 10. Hao ndio wazee wanaomwangukia CNA mmoja kwa wastani wa siku nzima. Wastani huo unafunika mambo, maana asubuhi wafanyakazi huwa wengi na usiku huwa wachache, kwa hiyo 12 ya wastani inaweza kuwa 9 asubuhi na 20 saa nane za usiku. Aliyefanya zamu ya usiku anajua maana ya 20. Wazee wasioweza kujigeuza wanatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili wasipate vidonda vya kulalia. Ukiwa na wanane wa namna hiyo, na wengine kumi na wawili wanaobonyeza kengele kutaka choo, kuna mtu atakayelala ubavu mmoja hadi alfajiri. Wala si kwamba CNA ni mvivu.

Mwaka 2001 utafiti uliofanywa kwa ajili ya CMS ulipendekeza saa 4.1 za uuguzi kwa mkazi kwa siku, ambapo 2.8 ziwe za CNA. Utawala wa Biden ulitoa kanuni Aprili 2024 iliyoweka kima cha chini cha saa 3.48. Mahakama ya Texas ikaitengua Aprili 2025, na Julai mwaka huohuo Bunge likazuia utekelezaji wake hadi 2034. Kwa hiyo sheria ya serikali kuu bado ni ileile ya kutoka mageuzi ya 1987: muuguzi mwenye leseni awepo saa 24, muuguzi msajiliwa, yaani RN, awepo angalau saa 8 mfululizo kila siku, na wafanyakazi wawe "wa kutosha". Majimbo kadhaa yameweka kima chao. Palipobaki, nyumba inaamua kutosha ni kiasi gani, na wewe unaamua kama unakubaliana nayo.

Angalia mwisho wa wiki. Namba hii ilianza kuonyeshwa 2022 na ndiyo ninayoitazama kwanza. Katika saa za siku za kazi wamo mkurugenzi wa uuguzi na wauguzi wa ofisini ambao hawashiki mgonjwa. Jumamosi hao wako kwao, kwa hiyo kushuka kidogo ni kawaida. B inashuka kutoka 3.9 hadi 3.6, sawa. A inashuka hadi 2.8, moja ya tano nzima imetoweka. Kushuka namna hiyo kunamaanisha hata walioshika wagonjwa wamepungua. Na uzee hauna wikendi.

Kuhusu wanaoondoka: kitaifa karibu nusu ya wafanyakazi wa uuguzi wa nyumba hizi huondoka ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo 34% ni nyumba iliyotulia na 62% ni nyumba inayovuja. Kwa mzee mwenye dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hili ni kubwa kuliko rangi ya ukuta na piano ya ukumbini. CNA aliyekaa naye mwaka mzima anajua kwamba mzee huyu akianza kukunja shuka anataka choo, kwamba chai yake ni ya moto na maziwa mengi, kwamba leo hayuko sawa hata kabla homa haijaonekana kwenye kipimo. Mtu wa muda aliyeletwa na wakala leo saa moja jioni hajui hata meno ya bandia yamewekwa wapi.

Kasoro tano si chache kuliko tisa

Wakaguzi wa jimbo hufika bila taarifa, kwa wastani mara moja kwa mwaka na si zaidi ya miezi 15, na tena wanapoitwa na malalamiko. Kila kasoro hupewa herufi kuanzia A hadi L kulingana na madhara na ueneaji. D, E na F ni kasoro zenye uwezo wa kudhuru. G, H na I ni mtu ameshadhurika kweli. J, K na L ni hatari ya papo hapo kwa maisha.

Kila herufi ina pointi zake. D moja ni pointi 4, G moja ni 20. Fanya hesabu ya nyumba zetu: A ina G moja na D nne, jumla 36. B ina D tisa, jumla 36. Pointi sawa, nyota sawa. Sasa fungua ripoti zenyewe, maana zinasomwa bure kwenye Care Compare, na usome wakaguzi walichoandika kwa maneno. D tisa zinaweza kuwa chakula kilichofika kimepoa, muuguzi aliyesahau kunawa kati ya mgonjwa na mgonjwa, friji ya jikoni isiyoandikwa joto, mpango wa huduma uliochelewa kusahihishwa. Mambo ya kukera, na baadhi si ya kupuuza. G inaweza kuwa mkazi aliyeanguka akavunjika kwa sababu alipaswa kuinuliwa na watu wawili akainuliwa na mmoja. Ukisoma hilo kisha ukarudi kwenye zile saa 2.8 za wikendi, unapata picha moja badala ya mbili.

Si kwamba kila G ni hukumu. Nyumba inaweza kuwa na G moja ya miaka miwili iliyopita, ikabadilisha uongozi, ikatengenea. Angalia kama kosa la namna ileile linajirudia ukaguzi baada ya ukaguzi. Shirika la habari la ProPublica lina ukurasa wa bure unaokuwezesha kutafuta neno ndani ya ripoti hizi, na kazi hiyo ni rahisi kuliko kuzifungua moja moja.

Jambo moja watu hukosea: nyota za ukaguzi hutolewa kwa kushindanisha nyumba za jimbo moja. Asilimia 10 za juu za jimbo hupata nyota 5, asilimia 20 za chini hupata 1. Ndugu aliyeko Ohio na dada aliyeko Georgia wakibishana nani ana nyumba bora kwa nyota za ukaguzi, wanabishana bure.

Alama mbili hazitaki mjadala. Mkono mweupe ndani ya duara jekundu, ulioanza kuwekwa Oktoba 2019, ni nyumba iliyokutwa na kosa la unyanyasaji. Pembetatu ya manjano ni nyumba iliyo kwenye uangalizi maalumu kwa rekodi mbaya ya muda mrefu. Hazizidi 88 nchi nzima kwa wakati mmoja, na nyuma yake kuna mamia zilizo kwenye orodha ya kusubiri kuingizwa humo. Ukiona pembetatu, na kuna njia nyingine yoyote, pita.

Nyota tano za kujipa

Vipimo vya ubora vinahesabu vidonda vya kulalia, kuanguka kulikoleta jeraha kubwa, mpira wa mkojo, maambukizi ya njia ya mkojo, dawa za magonjwa ya akili, uwezo wa kutembea, na kadhalika. Sehemu kubwa inatokana na tathmini ambayo nyumba yenyewe huijaza kuhusu wakazi wake. Septemba 2025 wakaguzi wa wizara ya afya ya serikali kuu walilinganisha tathmini hizo na bili za hospitali wakakuta kwamba nyumba hazikuripoti asilimia 43 ya maanguko yaliyoleta jeraha kubwa na kulazwa hospitalini kwa wakazi walio kwenye Medicare. Huko nyuma, Januari 2023, CMS ililazimika kuanza kukagua nyumba zilizokuwa zikiwaandikia wazee ugonjwa wa akili wa skizofrenia bila ushahidi, maana mzee mwenye skizofrenia hahesabiwi kwenye kipimo cha dawa za akili. Mzee msumbufu anatulizwa kwa dawa, ugonjwa unaandikwa, na kipimo kinabaki safi.

Kwa hiyo nyota 5 za A hazinitishi, wala nyota 2 za B hazinikimbizi kabla sijaangalia ndani. Ndani kuna vipimo ambavyo havitoki kwenye nyumba: wazee wangapi walirudishwa hospitali, wangapi walipelekwa chumba cha dharura. Hivyo vinatokana na bili za Medicare. Kama B ni mbaya hata hapo, nyota zake mbili zina ukweli na mimi nitaanza kusitasita. Kama hapo iko sawa na wenzake, huenda ni nyumba inayopokea wazee wagonjwa zaidi na kuandika kinachotokea.

Mzee wa wiki tatu na mzee wa miaka mitatu

Hapa A inaweza kushinda. Mama wa nyonga iliyovunjika, akili timamu, anayetaka wiki tatu za mazoezi ya viungo arudi nyumbani, hahitaji CNA wa kumjua kwa mwaka. Anahitaji mtaalamu wa mazoezi atakayemtoa kitandani kila siku. Uliza mazoezi ni siku ngapi kwa wiki, Jumamosi wapo au hawapo, na daktari au mwakilishi wake hupita mara ngapi. Care Compare inatenga vipimo vya wakazi wa muda mfupi na wa muda mrefu. Tazama kilichoandikwa chini ya muda mfupi, hasa ni wangapi walirudi makwao. Nyumba nyingi za kampuni kubwa zimewekeza hapo, kwa kuwa Medicare hulipa vizuri kuliko Medicaid, na ukumbi wa mazoezi utaukuta unang'aa.

Upande wa umiliki kwa jumla: zaidi ya theluthi mbili za nyumba za wazee za Marekani ni za biashara. Zile zisizo za faida, kwa wastani, zina wafanyakazi wengi zaidi kwa mkazi. Mwaka 2021 wachumi walichapisha utafiti kuhusu nyumba zilizonunuliwa na makampuni ya uwekezaji binafsi wakaona vifo vya wagonjwa wa Medicare wa muda mfupi vimepanda kwa takribani asilimia 10. Hata hivyo wastani si nyumba. Nimeona nyumba ya kanisa iliyolala na nyumba ya kampuni yenye meneja mkali anayejua jina la kila mkazi. Umiliki uutumie kuvunja sare, na kuangalia kama nyumba nyingine za mmiliki huyohuyo zina rekodi gani. Care Compare inaonyesha.

Nyumba ndogo za majirani zetu

Baadhi ya familia zetu hazitaki jengo la vitanda mia na ishirini. Wanauliza kuhusu zile nyumba za kawaida za mtaani zilizopewa leseni ya kutunza wazee wachache, ambazo Waafrika Mashariki wengi wanazimiliki, hasa jimbo la Washington. Kule sheria inaruhusu wakazi hadi sita, na hadi wanane kwa kibali cha ziada. Mlezi mmoja kwa wazee watatu ni kitu ambacho hakuna nyumba kubwa itakupa. Wali unapikwa jikoni mlemle, na mzee anasikia harufu yake.

Kasoro yake ni kwamba muuguzi kwa kawaida hakai pale saa zote. Huja na kuondoka. Mzee wa kidonda kirefu, wa oksijeni inayobadilishwabadilishwa au wa kulishwa kwa mrija si rahisi kutunzwa vizuri pale. Halafu hizi, pamoja na zile za kuishi kwa kusaidiwa ambazo huuza vyumba kama fleti, hazimo Care Compare. Hazina nyota. Zinasimamiwa na jimbo, kila jimbo na sheria zake, kwa hiyo ripoti za ukaguzi uzitafute kwenye tovuti ya idara ya jimbo. Zitafute kweli. Kuwa mwenye nyumba ni mtu wa nyumbani, mnaswali naye au mnaimba naye kwaya, si ripoti ya ukaguzi, na ukija kuona kasoro itakuwa vigumu zaidi kuisema.

Nenda Jumapili saa kumi na moja jioni

Ziara rasmi ya Jumanne asubuhi utaonyeshwa bustani. Nenda chakula cha jioni cha Jumapili. Kwanza tafuta karatasi ya zamu: sheria inataka nyumba ibandike kila siku, mahali panapoonekana, idadi ya wauguzi na CNA wa zamu hiyo na idadi ya wakazi. Ikiwa ni ya juzi, umeshajifunza kitu. Sheria hiyohiyo inataka ripoti ya ukaguzi wa mwisho iwe mahali ambapo mgeni anaweza kuisoma bila kuomba.

Kaa ukumbini nusu saa. Hesabu kengele inalia muda gani kabla mtu hajafika. Tazama anayelisha: ameketi anazungumza na mzee, au amesimama anamlisha huku akimlisha mwingine kwa mkono wa pili? Harufu ya mkojo karibu na chumba kimoja ni jambo la dakika hii. Harufu ya korido nzima ni ya wiki. Harufu kali ya manukato pia iulize.

Sisi tuna bahati moja ambayo familia nyingine hazina. Soma kitambulisho cha CNA, mara nyingi utakuta jina la Nakuru au la Bukavu. Msalimie. "Shikamoo dada, pole na kazi, leo mmewekewa wangapi?" Usimuulize kama nyumba ni nzuri, utamweka pabaya mbele ya bosi wake. Muulize ana wangapi leo, amekaa hapa muda gani, na kama wazee wake ni walewale kila siku au anazungushwa. Hapo ndipo utakapojua kama zile asilimia 34 bado ni kweli.

Kwa wazee wetu kuna maswali ambayo Care Compare haiyajui. Dimenshia ikizidi, mzee aliyezungumza Kiingereza miaka thelathini anaweza kubaki na lugha ya utotoni tu. Nyumba inayopokea pesa za Medicare na Medicaid inawajibika kumpa huduma ya lugha. Uliza wanatumia nini, mkalimani wa simu au mjukuu wako. Uliza kuhusu nyama ya nguruwe, si kama inapikwa bali kama jikoni wanaweza kuiepusha kweli kwenye sahani ya mtu mmoja. Uliza kama mama ataogeshwa na mwanamke, na iandikwe kwenye mpango wake wa huduma, maana isiyoandikwa haitajulikana kwa mtu wa zamu ya pili. Uliza kama unaweza kuleta uji.

Umbali nao upime. Nyumba ya dakika kumi na tano yenye nyota tatu dhidi ya nyumba ya saa moja na robo yenye nyota tano: kwa mzee wa kukaa, mimi nachukua ya karibu, mradi haina alama zile mbili. Anayetembelewa mara tatu kwa wiki, kwa saa zisizotabirika, huangaliwa zaidi. Tuliofanya kazi humo hatupendi kulikiri.

Pesa na karatasi

Wengi hudhani Medicare italipa. Medicare hulipia matunzo na mazoezi ya muda mfupi tu baada ya hospitali: siku 20 za kwanza zote, kuanzia ya 21 hadi ya 100 unachangia kila siku, baada ya hapo basi. Na kwa Medicare ya kawaida lazima mzee awe amelazwa rasmi hospitali siku tatu mfululizo. Siku alizowekwa "kwa uangalizi" hazihesabiwi hata kama alilala kitanda kilekile na kuvaa gauni lilelile. Uliza hospitali, mapema, mzee ameandikwa vipi. Mipango ya Medicare Advantage, ile inayoendeshwa na makampuni binafsi ya bima, ina masharti yake na mara nyingi hutaka idhini kwanza.

Kukaa moja kwa moja hulipwa na familia au na Medicaid. Mwaka 2024 bei ya kati kitaifa kwa chumba cha watu wawili ilikuwa zaidi ya dola 9,000 kwa mwezi. Medicaid inataka mzee awe karibu hana kitu, katika majimbo mengi dola 2,000 za akiba kwa mtu mmoja, na hukagua mali alizogawa miaka mitano ya nyuma. Ile nyumba ya Kibaha au Kitengela aliyoandikisha kwa mjukuu mwaka juzi nayo inaingia. Mzazi aliyekuja kwa green card ya familia kwa kawaida hasaidiwi na Medicaid miaka mitano ya kwanza. Wakimbizi hawakuwa na kungoja huko, ila kwa sheria ya Julai 2025, kuanzia Oktoba 2026 mkimbizi asiye na green card anatolewa kwenye Medicaid ya serikali kuu, kwa hiyo karatasi za babu zishughulikiwe mapema. Kabla ya kuchagua nyumba yoyote, hakikisha inapokea Medicaid, na kwamba kitanda atakachowekwa ni cha Medicaid. Vinginevyo akiba ikiisha mtaanza kutafuta upya.

Siku ya kusaini usiharakishwe. Nyumba hairuhusiwi kumtaka mtoto awe mdhamini wa deni kwa mfuko wake kama sharti la kumpokea mzazi. Ukisaini kwa niaba ya mzazi, andika hivyo kando ya sahihi yako. Karatasi ya kukubali kwamba migogoro itaamuliwa na msuluhishi badala ya mahakama, tangu 2019 nayo haiwezi kuwa sharti la kupokelewa. Ikatae, mzee ataingia vilevile. Uliza kitanda chake kinashikwa siku ngapi akilazwa hospitali.

Na uwezekano mkubwa ni kwamba B itakwambia haina kitanda. Nyumba za 34% hazikai wazi. Mwingize mama A kwa wiki za mazoezi, andikisha jina lake B siku hiyohiyo, na upige simu B kila Jumatatu. Ana haki ya kuhama wakati wowote. Ukiona jambo baya A kabla kitanda hakijapatikana, kila jimbo lina ombudsmani, yaani mtetezi, wa wakazi wa nyumba za wazee, huduma ni bure, na namba yake lazima iwe imebandikwa ukutani ndani ya jengo. Ipige picha siku ya kwanza.